Mlima wa zawadi na kiburu cha sabuni: uchambuzi wa kisa kimoja cha karatasi ya kila siku

Kisa hiki kilitokea Moshi mjini, kwenye kantini ya taasisi moja ya mafunzo. Jina la taasisi, mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa. Saa, vipimo vya jikoni na maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi vimebaki kama vilivyokuwa, kwa sababu kosa lenyewe limejificha humo.

Usuli

Kila siku ya kazi kantini hiyo hutoa karatasi moja ya A4, upande mmoja tu. Nakala hubandikwa kando ya dirisha la kugawia chakula, na picha yake hurushwa kwenye kundi la WhatsApp la watu kama 200: wafanyakazi, wanachuo, wastaafu kadhaa, na wazazi wa shule ya jirani waliovutwa humo na ndugu zao. Karatasi ina vipande vitatu. "Leo Zamani" ni tukio la kihistoria la tarehe hiyo. "Kiokotwe" ni kitu kimoja kizuri kilichookotwa mtandaoni, mara nyingi picha au ramani. "Chunguni" ni mapishi ya chakula kitakachopikwa mchana huohuo.

Hicho kipande cha tatu ndicho kinachoifanya karatasi hii isiwe ya burudani peke yake. Mtunza stoo hutoa vitu kwa kuitazama. Ikiandikwa vitunguu kilo tatu, vinatoka kilo tatu. Msomaji wa dirishani akikosea kuisoma hapotezi kitu. Jikoni wakikosea, wanaharibu chakula cha watu 60.

Waandaaji ni wanne. Mmoja hutafuta historia, mmoja (binti wa maktaba) huokota vya mtandaoni, mpishi mkuu huandika mapishi kwa mkono wake, na mhariri hukusanya vyote jioni, akavipanga na kuvikata vienee. Upana wa karatasi haubadiliki. Kipande kimoja kikirefuka, kingine lazima kipunguzwe.

Karatasi ya Novemba 1

Wiki hiyo mpishi mkuu alikuwa msibani Rombo. Alikuwa amesema siku ile wapike kiburu, lakini hakuacha maandishi. Mhariri akachukua mapishi ya kiburu mtandaoni, ya watu sita, akayazidisha mara kumi.

Kwa asiyekijua: kiburu ni ndizi mbichi na maharage vilivyopondwa pamoja, chakula cha Wachagga. Kila kijiji kina chake, wengine kikavu cha kukata, wengine laini, na ubishi wa kipi ndicho chenyewe hauishi. Hatuuingii hapa.

Historia ya siku hiyo ilihusu mpaka. Mwaka 1886, kwa barua walizobadilishana Oktoba 29 na Novemba 1, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo ya Afrika Mashariki. Tarehe ni sahihi. Lakini mwandishi wa Leo Zamani hakuandika juu ya makubaliano. Aliandika hivi:

"Siku kama ya leo mwaka 1886, Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhem wa Pili wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Malkia alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu hakuwa na hata mmoja. Ndiyo maana mpaka wa Tanzania na Kenya umepinda pale mlimani."

Hadithi hiyo ilienda mpaka maneno 190, na ramani ndogo juu yake. Mhariri aliipenda. Akaiacha yote, kisha akatafuta pa kupunguza. Kiokotwe kilikuwa na picha, hakikatiki. Ikabaki Chunguni.

Mapishi ya mtandaoni yalisema: loweka maharage usiku kucha, chemsha hadi yakaribie kuiva, tia soda ya kuumulia maandazi, nusu kijiko cha chai, nyanya na chumvi viingie mwisho. Baada ya kukatwa yalibaki hivi: "Chemsha maharage kilo 5 na nyanya kilo 2, chumvi. Yakikaribia kuiva tia magadi vijiko 5. Ponda na ndizi 130."

Maneno manne yaliondoka katika kukata huko: "loweka", "soda", "chai" na "mwisho". Soda ikawa magadi kwa sababu neno ni fupi na mhariri aliona ni kitu kilekile. Madukani kwetu hata unga mweupe wa kuumulia huitwa magadi soda, kwa hiyo kosa lake si la ajabu. Nusu kijiko mara kumi ni vijiko vitano. Vya nini, karatasi haikusema.

Mtiririko wa matukio

Saa tatu usiku, Oktoba 31: mhariri anamaliza, anasoma vipande vyote vitatu kwa mkupuo mmoja, anatuma kwa mchapaji.

Saa moja asubuhi: msaidizi wa jikoni anainjika maharage makavu, hayajalowekwa, pamoja na nyanya na chumvi, ndani ya lita 14 za maji. Wakati huohuo picha ya karatasi inaingia kwenye kundi.

Saa mbili na robo: mwalimu mstaafu anaandika kwenye kundi. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nauliza tu. Mwaka 1886 Kaiser wa Ujerumani alikuwa nani?"

Dakika kumi na tano kimya. Kisha mhariri anafuta ujumbe kwa wote, bila neno.

Saa tatu na nusu: maharage bado ni magumu. Msaidizi anatia magadi. Yaliyopo stoo ni ya mabonge, yale ya kijivu yenye chembe za udongo, ya kutwangwa kwenye kinu. Kijiko kilichopo mkononi ni cha chakula. Vinaingia vitano.

Saa nne: kijana wa kuni anasema bado. Msaidizi anaongeza konzi moja.

Saa tano kasoro: maganda yanaelea, mchuzi umekuwa wa rangi ya kahawia nzito, na povu linapanda juu bila kukoma.

Saa tano: mpishi mkuu anafika kutoka stendi, bado na kitenge cha msibani begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Humu mmeweka nini?"

Alichota mchuzi kwa mwiko, akauweka kiganjani, akausugua kwa vidole viwili. Ukateleza kama maji ya kufulia.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

La mpishi. Alikuwa na saa mbili, watu 60, na maharage ya kilo tano ambayo hayana mbadala stoo. Ndizi zilikuwa zimemenywa lakini zimo kwenye beseni la maji, hazijaingia chunguni. Hiyo ndiyo iliyookoa siku. Zingeingia kwenye magadi yale zingegeuka rangi ya udongo, maana ndizi mbichi ina vitu vinavyofanya weusi haraka kwenye maji ya magadi, na hakuna cha kuzirudisha.

Kwanza alijaribu ndimu. Alikamua sita kwa mpigo. Chungu kilifoka mpaka nusu ya mchuzi ikamwagika jikoni: tindikali ikikutana na magadi hutoa gesi, ileile inayoumua maandazi. Kama angetia kidogo kidogo huku anakoroga pasingefoka, lakini hata hivyo ndimu ilikuwa njia mbovu kwa wingi ule. Magadi yakikatwa kwa tindikali ukali unaondoka, ila chumvi yake inabaki majini, na chungu hiki kilishatiwa chumvi tangu saa moja.

Akabadilisha. Alimwaga mchuzi wote kupitia kapu, akayasuuza maharage kwa maji ya moto mara mbili, akayarudisha jikoni na maji mapya kwa robo saa, kisha akayamwaga maji hayo pia. Maji ya moto na si ya baridi, kwa sababu maharage yaliyolainika hivyo yakipigwa na baridi hupasuka na kutawanyika kabisa. Ndizi zilichemshwa kando, bila chumvi. Vilipokutana, aliponda na kutia maziwa mgando lita nne, ambayo yana uchachu mpole wa kumaliza mabaki ya magadi na mafuta ya kufunika ladha. Kilichotoka hakikuwa kiburu cha mtu yeyote, lakini kililika.

La dirishani. Mpishi alimwambia mgawaji amtaarifu kila mwenye shinikizo la damu kwamba chakula cha leo kina chumvi nyingi, na kulikuwa na wali na mchicha pembeni. Uamuzi mzuri, na ulifanyika bila kikao.

La mhariri. Alifuta ujumbe kwa sababu aliona aibu, na kwa sababu aliamini kilichofutwa hakipo. Nakala ya dirishani hakuikumbuka. Ilikaa pale mpaka saa kumi jioni, ikisomwa na kila aliyepanga foleni, tena foleni ndefu, maana chakula kilichelewa.

La Kiokotwe. Hili lilifanyika siku iliyotangulia, na lilikuwa jema. Binti wa maktaba aliokota picha ya garimoshi iliyokuwa ikizunguka na maandishi "Stesheni ya Moshi, 1905". Hakuipokea ilivyo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1905 mwisho wake ulikuwa Mombo. Kwa hiyo ama mahali ni pengine, ama mwaka ni mwingine. Akaitafuta kwa picha yenyewe, akakuta nakala pana zaidi isiyokatwa pembeni, iliyoonyesha mlima nyuma. Mahali pakathibitika kiasi, mwaka ukabaki wazi. Aliandika chini yake: "Moshi, si kabla ya 1911." Maneno matano, na hakuna aliyeweza kuyatikisa.

Matokeo

Chakula kilitoka saa saba na dakika 50. Sahani kumi na moja zilirudi zikiwa na zaidi ya nusu. Hakuna aliyeugua. Lita nne za maziwa zilitoka kwenye bajeti ya chai ya wiki hiyo, na kwa siku mbili chai ilikuwa ya rangi.

Upande wa historia hasara ilikuwa kubwa zaidi, ila haipimiki kwa sahani. Kabla ujumbe haujafutwa, wazazi watatu walikuwa wameurusha kwingine. Kesho yake mwanafunzi wa shule ya jirani aliandika hadithi ya zawadi kwenye daftari la Historia, na mwalimu wake akaweka alama ya pata.

Uchambuzi: mlima

Kosa hili lilikuwa linagundulika bila kutoka kitini. Wilhelm wa Pili alizaliwa Januari 27, 1859. Akawa Kaiser Juni 15, 1888. Mwaka 1886 alikuwa mwana wa mfalme wa miaka 27, na Kaiser alikuwa babu yake, Wilhelm wa Kwanza. Siku ya kuzaliwa ya Januari haiadhimishwi Novemba. Tarehe mbili tu, na hadithi nzima inaanguka.

Mwandishi alijitetea kwamba aliikuta sehemu tano. Ni kweli aliikuta. Lakini sehemu nne kati ya hizo zilikuwa na sentensi ileile ya milima miwili ya theluji, kwa mpangilio uleule wa maneno. Watu watano walioambiwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja. Kipimo chepesi ni kuchukua sentensi moja nzima na kuitafuta kama ilivyo. Ikijitokeza kila mahali bila hata nukta kubadilika, chanzo ni kimoja, na pengine hakina mwenyewe.

Kibaya zaidi, hadithi ya zawadi ilisukuma pembeni habari iliyo tamu kuliko yenyewe, tena ya hapahapa. Makubaliano ya 1886 yalichora mpaka kutoka mdomo wa mto Umba pwani moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ukazunguka ziwa hilo upande wa mashariki na kaskazini, ukapita kati ya Taveta na Uchagga, ukafuata mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, halafu ukanyooka tena hadi Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Yaani umepinda kwa kuwa pande mbili zilishika karatasi tofauti. Mwaka 1885 Karl Jühlke, kwa niaba ya kampuni ya kikoloni ya Mjerumani Carl Peters, alipata mkataba kwa Mangi (mtawala) Rindi wa Moshi, yule ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka mmoja nyuma Mwingereza Harry Johnston alikuwa amekusanya mikataba yake Taveta. Sultani Barghash wa Zanzibar naye alimtuma Jenerali Mathews huku kupata sahihi za watawala wa mlimani. Rindi alijua kuwapokea wageni wote na kuwatumia kwa faida yake dhidi ya majirani. Mpaka ulipochorwa, Taveta ikabaki upande wa Waingereza, na mlima ukaenda kwa Wajerumani. Hapana keki ya siku ya kuzaliwa humo.

Na kuna jambo ambalo hadithi ya zawadi hulifuta kabisa, nalo si dogo kwa karatasi inayosomwa Moshi: kwamba mlima ulikuwa na watu. Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na Machi 2, 1900 alinyongwa Old Moshi pamoja na watu wengine. Ukisema bibi alimpa mjukuu mlima, Rindi na Meli hawana mahali pa kusimama kwenye sentensi hiyo.

Neno "Tanzania" katika kipande kile nalo lilipaswa kumshtua mhariri, japo kidogo. Jina hilo ni la 1964. Kueleza mpaka wa leo kwa jina la leo ni sawa. Kusema mwaka 1886 kulikuwa na mpaka wa Tanzania si sawa. Sentensi ilikaa katikati.

Kuhusu kufuta: ujumbe uliofutwa haufuti picha ya skrini. Kinachofutwa ni nafasi pekee ambayo marekebisho yangeweza kuning'inizwa. Kama mhariri angejibu palepale chini ya ujumbe wenyewe, kila aliyerudi kuutafuta angekutana na jibu. Alipofuta, aliyekuwa na nakala alibaki na nakala, na asiyekuwa nayo alibaki na maneno aliyosikia kwa jirani.

Marekebisho yalitoka Novemba 3, baada ya mpishi kugoma kuandika chochote kwenye karatasi hadi kila kosa la juzi litajwe. Yaliwekwa palepale pa Leo Zamani, kwa herufi za ukubwa uleule, yakianza na kosa lenyewe: "Juzi tuliandika kwamba Malkia Victoria alimzawadia Kaiser Wilhelm wa Pili mlima Kilimanjaro. Si kweli. Mwaka 1886 Wilhelm wa Pili hakuwa Kaiser. Alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888." Kisha ikafuata habari ya Umba, Jipe na Rindi. Mwalimu mstaafu alijibu kwa neno moja, "Sawa," ambalo kwa wanaomjua ni pongezi.

Uchambuzi: chungu

Msaidizi ndiye aliyelaumiwa siku ya kwanza. Hakustahili. Alifuata karatasi, na karatasi ilimtega mara nne.

Kutolowekwa. Maharage yaliyolala majini saa 10 hadi 12 huiva kwa muda pungufu sana ya makavu. Novemba yanayopatikana sokoni yana miezi kadhaa tangu kuvunwa, na kadiri yanavyokaa stoo yenye joto ndivyo yanavyogoma kulainika. Mwinuko nao una mkono wake, ingawa Moshi si sana. Maji huchemka kwa nyuzijoto pungufu ya 1 hivi kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo hapa yanachemka karibu 97, na Arusha kwenye mita 1,400 karibu 95. Mapishi yaliyoandikwa pwani yakisema saa moja na nusu, Arusha ongeza nusu saa bila kubishana.

Nyanya mwanzoni. Kinachoshikamanisha ganda na nyama ya harage huyeyuka taratibu kwenye maji ya kawaida, haraka kwenye magadi, na hugoma kwenye tindikali. Nyanya ni tindikali. Kilo mbili tangu saa moja zilifanya maharage yasubiri saa mbili na nusu bila mabadiliko, na ugumu huo ndio uliomfanya msaidizi aamini magadi hayatoshi. Konzi ile ilizaliwa na nyanya.

Soda na magadi. Ni ndugu lakini si kitu kimoja. Magadi ya mabonge, yale ya maziwa ya bonde la ufa kama Natron, ni makali zaidi kuliko unga wa kuumulia, na yana udongo na chumvi nyingine. Ndiyo sababu bibi zetu hawayatii makavu: huyaloweka, huyaacha yatuame, hutumia maji ya juu.

Kijiko. Cha chakula ni vitatu vya chai. Mpishi alikuja kupima baadaye kwa mizani ya stoo: kijiko cha chakula cha magadi yao yaliyotwangwa, kikisawazishwa, kilikuwa gramu 15. Vitano ni gramu 75, kabla ya konzi. Kilo tano za maharage zinahitaji gramu 9 hadi 10.

Kuna na mtego wa tano, ambao hata karatasi nzuri ingekuwa nao: kuzidisha mara kumi. Nusu kilo ya maharage kwenye sufuria ndogo hula lita mbili za maji, lakini kilo tano hazihitaji lita 20, kwa sababu chungu kikubwa hupoteza mvuke kidogo kwa uwiano wake. Walitumia 14. Magadi yalizidishwa mara kumi, maji mara saba. Maji yapimwe kwa jicho, vidole vitatu juu ya maharage. Magadi yapimwe kwa uzito wa maharage.

Mapishi yaliyochukua nafasi

Mpishi aliyaandika upya, safari hii akayapika kwanza kwa watu sita nyumbani, kisha jikoni kwa 60.

Kwa watu sita: maharage nusu kilo, yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe. Ndizi mshare 13. Kitunguu kimoja kikubwa, nyanya mbili, mafuta vijiko vitatu vya chakula, maziwa mgando vikombe viwili ukipenda.

Maji ya magadi: bonge la gramu 15 kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Acha nusu saa, chuja kwa kitambaa, udongo ubaki chini. Tumia vijiko viwili vya chakula vya maji hayo, si zaidi. Huna magadi ya mabonge, tia robo kijiko cha chai cha soda ya kuumulia.

Chemsha maharage kwa moto mkali dakika kumi za mwanzo bila kufunika; maharage mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo. Kisha punguza moto, tia maji ya magadi, funika. Onja harage moja baada ya dakika 40 kwa kuliminya kati ya ulimi na kaakaa. Likipondeka bila meno, tayari.

Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi, la sivyo utomvu utakaa nao mpaka Jumapili. Chemsha ndizi kwenye sufuria yake dakika 25. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka mafuta yapande. Changanya vyote, ponda kwa mwiko huku ukiongeza mchuzi wa maharage kijiko kwa kijiko, chumvi mwisho baada ya kuonja. Sufuria mbili zitenganishwe mpaka dakika ya mwisho, hata kama kuosha ni kazi.

Kwa 60: maharage kilo 5, ndizi 130, maji ya magadi mililita 300 ambayo ni chupa ndogo ya soda. Chupa hiyo sasa imefungwa kamba ukutani.

Kilichobadilika katika kuandaa

Mhariri hasomi tena vipande vitatu kwa mkupuo. Kila kimoja kina jicho lake. Kwenye Leo Zamani anauliza: mtu huyu alikuwa na cheo hiki siku hiyo? Mahali paliitwa hivi? Hadithi hii ina mashahidi wangapi wasiojuana? Maswali ya namna hii yalikamata kosa jingine mwezi Januari, pale mwandishi alipotaka kuweka Azimio la Arusha kuwa la Januari 29 tu bila maelezo: kikao cha TANU kilikaa Arusha Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Tarehe zote mbili zinakubalika, mradi useme ipi ni ya nini.

Kwenye Chunguni hakikatwi kipimo wala mpangilio. Nafasi ikikosekana, inakatwa historia. Mwandishi wa historia hajalipenda hilo mpaka leo. Na mapishi ambayo hayajapikwa kwa chungu cha kantini hayaandikwi.

Kipande cha Kiokotwe hakikuguswa, ila binti wa maktaba ameongezewa kazi ya kupitia Leo Zamani kila Jumatano.

Wiki tano baada ya kiburu kile, alitumiwa kiokotwe na shangazi yake wa Arusha: picha ya maandishi, imekatwa juu na chini, kichwa chake "MAAJABU USIYOYAJUA KUHUSU MLIMA KILIMANJARO". Alisoma mstari wa kwanza, akasimama kwenye neno la kumi na tano. Wilhem, bila L ya pili.